Upande A, Upande B

Kaseti iliingia Unguja ndani ya soksi. Mjomba wangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, na kila akirudi likizo alikuwa na mtindo wa kuvisweka vitu vidogo ndani ya soksi ili visivunjike: saa, chupa ya marashi, na mara moja meno ya bandia aliyoagizwa na bibi, ambayo hayakumkaa. Mwaka 1996 soksi ikatoa kaseti ya dakika 60, nyeusi, haina kasha, haina karatasi, haina hata alama ya kalamu. Palikuwa na herufi A upande mmoja na B upande wa pili, basi. Mwenyewe hakujua ndani mna nini. Alipewa na baharia mwenzake, Mfilipino, badala ya deni la sigara.

"Chukua wewe, mjomba," akaniambia. "Mimi niliisikiliza mara moja, kichwa kikaniuma mpaka Mombasa."

Nilikuwa na miaka 15, niko skuli. Nyumbani kwetu Kikwajuni palikuwa na redio-kaseti moja, mali ya mama, na kazi zake zilijulikana: Kurani asubuhi, taarifa ya habari, taarab jioni. Kaseti ya soksi ilipata zamu saa nane mchana, mama akiwa amelala, sauti chini kabisa, sikio langu limeganda kwenye spika. Upande A ulikuwa nyimbo fupi fupi, moja haijapoa nyingine imeshaingia, na mpiga gita mkono wake unakwenda chini tu, chini, chini, haupandi, kama mtu anayekuna nazi kwa hasira na wageni wamo njiani. Upande B ulikuwa balaa jingine. Ngoma zilikimbia kuliko moyo wangu, gita likalia kama breki za lori, na mwisho kabisa, wimbo wa mwisho ulipokatika, ikabaki mvua. Mvua tu, inanyesha ndani ya kaseti. Masika yale nilikuwa nikiinua kichwa kutazama mabati kujua kama inyeshayo ni ya kwao au ya kwetu, maana nguo zilikuwa kambani na mama angeniuliza mimi.

Tuliisikiliza miaka sita bila kujua ni ya nani. Nasema tuliisikiliza kwa sababu siri ya namna ile haikai kwa mtu mmoja. Wa kwanza kuambiwa alikuwa binamu yangu, mtoto wa ami. Wa pili alikuwa jirani niliyesoma naye, ambaye baadaye alifungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na Darajani, jina lake la nyumbani likafa, kila mtu akamwita Fundi. Tukawa watatu, na lugha yetu. "Wa upande A" walikuwa watu wa furaha. Tuliwasikiliza mitihani ikiisha. "Wa upande B" walikuwa wa siku timu ikifungwa. Ramadhani kaseti ililala kabatini chini ya nguo za Idi. Adhana ikianza, kidole kwenye kitufe. Na katika miaka yote hiyo haikututokea hata siku moja kuulizana kama A na B ni muziki mmoja au miwili. Ilikuwa kaseti moja.

Majina yalikuja mwaka 2002. Mji Mkongwe tayari palikuwa na vyumba vya intaneti, unalipa kwa nusu saa, na watalii wamejaa mpaka nje. Fundi alipata kiti, akaandika maneno mawili matatu ya Kiingereza aliyoyashika kwa sikio, akakosea tahajia, akaandika tena. Akarudi barazani na karatasi iliyokunjwa mara nne kama hirizi.

Wa upande A walikuwa Ramones wa New York, albamu yao ya kwanza, 1976. Nyimbo 14. Gharama ya kuirekodi nzima: dola 6,400 hivi. Wote wanne walijiita Ramone na hakuna hata ndugu mmoja kati yao. Wa upande B walikuwa Slayer wa California, albamu ya Reign in Blood, 1986. Nyimbo 10. Muimbaji kazaliwa Chile, mpiga ngoma kazaliwa Havana, na mtayarishaji wao, Rick Rubin, mpaka siku hizo alikuwa akijulikana kwa hip hop. Kilichotufurahisha kuliko vyote ni hesabu: albamu zote mbili ni za dakika 29 hivi. Ndiyo maana kila moja ilienea upande wake, haikukatika wimbo hata mmoja. Reign in Blood ni fupi hata kaseti yake rasmi iliwekewa albamu nzima upande mmoja, kisha ikarudiwa nzima upande wa pili. Yule aliyetengeneza kaseti yetu, baharini au bara gani sijui, alikuwa mtu wa vipimo.

Lakini karatasi ya Fundi ilikuwa na maneno mengine mawili, na hayo ndiyo yaliyotuharibia baraza. Juu ya Ramones ameandika "panki". Juu ya Slayer, "metali".

Panki sisi tuliijua kwa kinyozi: ule mnyoo wa kuacha nywele katikati kama jogoo, ambao ukirudi nao nyumbani unanyolewa wote kabla ya magharibi. Metali tukaambiwa ni chuma. Binamu akacheka: "Basi huu muziki wa kinyozi na huu wa mhunzi." Tukacheka sote. Wiki ya pili hatukucheka tena, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshachagua uhunzi na Fundi ameshika mkasi.

Sijui kwa nini nilichagua. Labda fulana. Kwenye mitumba nilipata fulana nyeusi ya Iron Maiden, bendi ya metali, ina lile zimwi lao, nikainunua bila kutoa hata bei. Mama aliitazama kambani siku moja. "Hili lipicha halilali ndani ya nyumba yangu," akasema, na kweli halikulala. Asubuhi nilikuta mkono mmoja wa fulana unafutia chimni ya kandili. Mtu akishanyang'anywa fulana kwa ajili ya jambo, jambo hilo linakuwa dini ya ukoo.

Nikaanza kusoma. Kila nikipata hela ya nusu saa nilisoma, na kila nilichosoma nilikipeleka barazani Mkunazini kumpigia Fundi. Hoja zangu zilikuwa hizi: metali ni ufundi, ina gita la solo, wimbo unaweza kwenda dakika nane na usichoke, panki ni watu waliokosa subira ya kujifunza chombo. Albamu bora duniani, Master of Puppets ya Metallica, 1986, nyimbo nane tu, dakika karibu 55, na anayebisha aje na yake. Fundi alikuja na London Calling ya The Clash, 1979, sahani mbili zilizouzwa kwa bei ya moja, nyimbo 19. "Hesabu," akasema. "Na hawa wana la kusema. Wako wewe wanaonyesha vidole."

"Mbona ndani mna rege?" nikamuuliza. "Hiyo ni panki au ni kachumbari?"

"Kwani panki iliweka sheria lini?"

Akanitolea Bad Brains: vijana weusi wa Washington, Marasta, walianza wakipiga jazi, kisha wakapiga panki ya kasi ambayo haikuwahi kusikika, na katikati ya albamu wanatulia, wanapiga rege ya kunyonga shingo, halafu wanarudi mbioni. Albamu yao ya 1982 ilitoka kwa kaseti tu. Hili la kaseti lilinichoma, nakiri. Nilihisi kama Fundi kanipiga na kitu changu mwenyewe.

Mimi silaha yangu kubwa ilikuwa kisa cha Tony Iommi, na nilikisimulia mpaka watoto wa mtaa wakakijua. Kijana wa Birmingham, miaka 17, kiwandani, siku yake ya mwisho kazini kabla ya kwenda kupiga muziki. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye ni wa shoto, mkono wa kulia ndio unaokandamiza nyuzi. Wengine wangeacha. Yeye akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivisha ngozi. Baadaye akalegeza nyuzi za gita ili zisimuumize, sauti ikashuka, ikawa nzito kama mlango wa ngome. Februari 1970 bendi yake, Black Sabbath, wakatoa albamu ya kwanza, waliyoirekodi kwa siku moja, na metali ikazaliwa. Nilikuwa nikifika hapo nanyamaza, nikinywa kahawa yangu polepole.

Fundi akaweka kikombe chini. "Yakhe," akasema, "kwa hiyo metali imeanza kwa mtu kushindwa kupiga kama wenzake, akabuni njia yake kwa chupa ya sabuni?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo ndiyo panki."

Baraza lilipiga kelele mpaka dirisha la juu likafunguliwa. Sikumsemesha siku tatu.

Ugomvi wa bendi ya Motörhead ndio uliokuwa mrefu kuliko wote, na hata leo sioni haya kusema hatukuumaliza. Kila mmoja aliwataka. Nywele ndefu na kelele, wangu. Kasi na uchafu, wake. Nikaleta Ace of Spades ya 1980 kama hati ya nyumba. Akaniambia mwenyewe Lemmy, muimbaji wao, kila akipanda jukwaani alikuwa akisema wao wanapiga rokenroli, hakusema metali wala panki. Halafu akanimaliza: mwaka 1991 Motörhead walitoa wimbo wa kuwasifu Ramones, jina la wimbo ni herufi za jina lao, na Ramones wenyewe baadaye wakaurekodi. Sasa wimbo huo ni wa kinyozi au wa mhunzi? Na Jeff Hanneman wa Slayer, aliyetunga sehemu kubwa ya ule upande B nilioutetea kama shamba la urithi, alikuwa mpenzi mkubwa wa panki, na ile kasi chanzo chake ni huko. Mambo haya nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimeyasoma kabla yake. Niliyanyamazia.

Pale barazani alikuwa akikaa mzee mmoja, mpiga fidla wa zamani, tunamwamkia shikamoo anaitika bila kuinua macho kwenye bao. Mtu wa taarab hasa. Nikaona huyu ndiye hakimu, kwa sababu hakuna watu Unguja wanaojua kulinda mpaka wa muziki kama watu wa taarab. Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na nimekua nikiwasikia wazee wakisema juu ya hii ya kisasa, ya kinanda cha umeme na mipasho, ya rusha roho: "Ile si taarab. Ile kelele." Kwa sauti ile ile niliyokuwa nikisemea mimi panki. Nikajua mzee atanielewa.

"Mzee," nikamwambia, "hebu mwambie huyu. Muziki si una mipaka?"

Akasogeza kete zake kwanza. "Una."

Nikamtazama Fundi.

"Mimi," mzee akasema, "Jumamosi nilikuwa kidumbaki, Jumapili taarab. Fidla ile ile. Nyimbo nyingine zile zile. Kidumbaki mna sanduku la chai lililotiwa fimbo na uzi mmoja, hilo ndilo besi. Mna vidumbaki viwili, ngoma ndogo, mna cherewa za kutikisa, mna mkwasa, vijiti vya kugonganisha, tumemaliza. Watu wa taarab kubwa wakituita kitaarab, kwa kutudharau. Lakini mama wa bibi harusi analipa kote kuwili."

"Sasa mpaka uko wapi?" Fundi akauliza.

"Kwenye viti. Wakiweka viti, taarab. Wakiviondoa, kidumbaki." Akarudi kwenye bao lake.

Nililiwaza lile jibu usiku kucha nikitafuta tundu. Kwa hesabu ya viti, mimi na Fundi sote tulikuwa kidumbaki, hakuna mtu duniani anayesikiliza Slayer amekaa. Na kweli ukilitazama lile sanduku, kijiti na uzi mmoja, lipigwe na yeyote mwenye mkono na moyo, huoni tofauti na vijana wa New York wenye gita moja na dola 6,400. Sikumwambia Fundi hili. Angelitumia.

Mzee aliwahi kuomba kusikia kaseti. Tulimwekea upande B, dakika mbili, akaweka mkono gotini kutafuta mapigo, akayapoteza, akayapata, akayapoteza tena. "Huyu mpiga ngoma anakimbilia nini?" akauliza. "Boti imeng'oa?" Lakini nilikiona kidole chake. Kilikuwa kimeshayapata.

Hapa lazima nimtaje Freddie Mercury, muimbaji wa bendi ya Queen, maana Mzanzibari akiandika habari za roki bila yeye ataulizwa. Kazaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, Farrokh Bulsara, Mparsi, na familia ikaondoka 1964. Binamu yangu alikuwa ameshaingia kazi ya kutembeza wageni, akawa anamsimulia mara nne kwa siku mpaka akamchoka. Mimi nilimdai Queen kwa metali, kwa sababu ya wimbo wao mmoja wa 1974 ambao Metallica waliuimba upya na kupata tuzo ya Grammy mwaka 1991. Fundi alikuwa na lake: tarehe 1 Desemba 1976 Queen ndio waliokuwa waende kwenye kipindi cha televisheni London, wakashindwa, wakapelekwa Sex Pistols, bendi ya panki, mahali pao, wakatukana hewani na asubuhi Uingereza nzima inajua panki ni nini. "Bila mtoto wa Shangani kukosa kwenda," akasema, "panki isingejulikana." Binamu alisema Queen ni taarab: mavazi, kinanda, maneno ya kuchomana. Nadhani Binamu alikuwa karibu na kweli kuliko sisi sote, ila hilo ni jambo la siku nyingine.

Sasa kiza. Waliokuwa Unguja wanakumbuka: waya wa umeme wa kutoka bara uliharibika Desemba 2009 na hatukuona taa mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Mji Mkongwe usiku ulikuwa moshi na jenereta, mahoteli yananguruma kila kichochoro, na sisi barazani na kandili moja. Simu hazichezewi muziki, chaji ni ya kununua. Ikarudi heshima ya redio-kaseti. Fundi alikuwa na moja ya betri sita kubwa, na betri zikichoka mchana alizianika juu ya bati la kibanda, zikapata uhai wa saa moja zaidi. Usiku zikianza kufa, kaseti inakokota. Na hapo tuligundua jambo la ajabu: upande B ukipigwa kwa betri zinazokufa, kasi inashuka, sauti inashuka, muimbaji anakuwa kama anaongea ndani ya mtungi, na Slayer wanageuka Black Sabbath. Wallahi. Miaka kumi na sita ya historia inarudi nyuma kwa sababu ya betri.

Usiku mmoja wa Januari Fundi akaja na kaseti nyingine. "Leo nina mtihani," akasema. "Sikiliza, useme ni nini. Atakayeshindwa, kahawa na kashata kwa baraza zima siku saba."

Akabonyeza. Gita likatoka zito, linaburura, kama gari la ng'ombe lililokwama mchangani na ng'ombe hataki. Ngoma inapiga moja, inafikiri, inapiga nyingine. Mtu anapiga ukelele kama anayetolewa jino. Sikuhitaji hata dakika mbili. Nikaegemea ukuta, nikatoa hukumu: metali. Metali ya asili, wanafunzi wa Sabbath, hawa wamelegeza nyuzi kama mwalimu wao, sikiliza uzi wa sita unavyotetemeka. Mtu wa panki hana subira hii, nikasema. Nikaeleza na mji: kama si Birmingham basi jirani yake. Nilieleza vizuri sana. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, jinsi nilivyoeleza vizuri.

"Umemaliza?" Fundi akauliza.

"Nimemaliza."

"Black Flag. California. My War, 1984. Panki watupu."

"Betri," nikasema hapo hapo. "Betri zimekufa, kaseti inakokota. Umenitegea."

Na haikuwa hoja mbaya, kila mtu pale alikuwa ameona upande B unavyogeuka. Hata mzee alitikisa kichwa kunikubali. Fundi hakubisha. Alitoa noti mfukoni, akamtuma mtoto wa jirani dukani, tukakaa tunasubiri, jenereta zinanguruma, hakuna anayesema. Mtoto akarudi na betri sita zimefungwa kwa karatasi. Fundi akazitia moja moja, akaziangalia chanya na hasi kwenye mwanga wa kandili bila haraka yoyote, akafunga kifuniko kwa kidole gumba, akarudisha kaseti mwanzo, akabonyeza.

Gari la ng'ombe. Lile lile. Mchanga ule ule.

Mzee alicheka mpaka akapaliwa, tukamtafutia maji.

Baadaye nilisoma habari yake. Black Flag walikuwa miongoni mwa wakali wa kasi, na upande wa kwanza wa albamu ile una kasi zaidi. Upande wa pili wakaweka nyimbo tatu tu, kila moja zaidi ya dakika sita, polepole, makusudi. Wafuasi wao wengi walikasirika, wakaona wamesalitiwa. Yaani na huko walikuwako watu kama mimi, wamesimama na kipimo mkononi wanakipima kitu cha mwenyewe aliyekitengeneza.

Nililipa siku saba. Siku ya nne, nikimsubiri muuza kahawa agonganishe vikombe vyake aje, niliona nilichokuwa. Nilikuwa mgeni aliyeingia harusini kwa kufuatana na jirani, kisha akasimama mlangoni kuwauliza wenzake kadi. Kaseti ilinijia ndani ya soksi, haikuuliza nani mimi, haikujua hata Unguja iko wapi. Miaka sita sikuhitaji jina lake. Nilipopewa jina, nikajiajiri ulinzi.

Kuna jambo moja halikuisha kwa kicheko. Kiza kilipokwisha, Binamu aliyasoma maneno ya upande B, yote, kwa mara ya kwanza. Tuliupenda upande ule tangu udogo bila kuelewa. Wimbo wa kwanza unahusu Josef Mengele, daktari wa Manazi kule Auschwitz, na mambo aliyowafanyia watu. Wenyewe Slayer wamesema wanasimulia, hawasifu. Kampuni ya Columbia ilikataa kuisambaza albamu kwa ajili ya wimbo huo na picha ya jalada, ikasambazwa na Geffen. Na nyimbo nyingine zina ya kwao, ambayo mtu aliyelelewa na Kurani asubuhi hawezi kujifanya hakuyasikia. Binamu alisema hausikilizi tena. Mimi, kwa mazoea, nikaanza: albamu hii ndiyo kilele cha metali, hakuna...

"Sijasema si metali," akanikata. "Nimesema siitaki ndani ya sikio langu."

Sikuwa na la kujibu. Miaka yote nilikuwa nikilinda mlango, na mwenzangu kaniuliza cha ndani ya nyumba. Nilikaa na swali hilo. Mimi bado nausikiliza, mara chache, na si kama zamani. Wimbo wa kwanza nauruka. Mvua ya mwisho siiruki.

Kaseti imeota ukungu, hewa ya bahari haina huruma na utepe. Mara moja ilikatika, Fundi akaiunga kwa gundi ya karatasi, akakata kama sekunde mbili za upande A, na kwa kuwa utepe ni mmoja, sekunde mbili za upande B zikaenda pamoja nazo. Kwenye wimbo wa Ramones kuna mahali wanaruka kidogo, kama mtu aliyejikwaa akaendelea na safari. Nikiusikia wimbo huo mahali pengine, mzima, naona una kasoro.

Fundi yuko Muscat sasa, anatengeneza viyoyozi. Binamu bado anatembeza wageni. Mzee hatunaye. Kila Ijumaa baada ya swala Fundi ananitumia kipande cha sauti kwenye simu, sekunde 30, bila jina, bila maelezo, na swali lile lile: "Nini hii?"

Cha juzi kilikuwa na gita kama msumeno na nyuma yake kitu kinachogonga kama mkwasa. Nilikisikiliza nikiwa kwenye foleni ya urojo, simu sikioni, mkono mwingine umeshika bakuli.

"Sijui," nikamwandikia. "Irudie, ngoma sikuipata vizuri."